Maji ya bwawa la nyumbani: mwongozo kamili wa kuyaweka sawa, kuanzia kipimo hadi klorini

"Fundi, nimemwaga klorini kopo zima tangu juzi, mbona maji bado ya kijani?"

Simu ya namna hii naipokea karibu kila wiki, leo Mbezi Beach, kesho Kigamboni, keshokutwa Goba. Nikiuliza, "Mama, pH ni ngapi?" upande wa pili kunakuwa kimya. (pH ni namba inayoonyesha maji yana asidi kiasi gani: ikishuka, asidi imezidi.) Dawa imenunuliwa, imemwagwa, pesa imekwenda, na maji yako vile vile. Kosa ni lile lile kila nyumba: klorini inatangulizwa, na kipimo ama hakipo, ama kipo lakini kinasomwa vibaya.

Nitakupeleka kwa mpangilio huu: kipimo, ualkali, pH, ugumu wa maji, stabilaiza (dawa ya kuikinga klorini na jua), kisha klorini. Mpangilio huo una sababu, nami nitaieleza kwenye kila hatua, maana mtu asiyejua sababu huruka hatua siku akiwa na haraka.

Vipimo vyote vya dawa humu ni vya bwawa moja la mfano, lenye lita 48,000. Ukijua lita za bwawa lako, zigawe kwa 48,000, kisha zidisha kiasi nilichoandika kwa jibu unalopata. Bwawa la lita 24,000 linachukua nusu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kipimo cha matone au cha vidonge vya DPD kinachopima klorini huru, pH, ualkali, ugumu na stabilaiza. Vijiti vinafaa kwa ukaguzi wa haraka tu.
- Bikaboneti ya sodiamu ya mfuko, ile ile beking soda ya jikoni ila inauzwa kwa kilo.
- Asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33 hivi, au asidi kavu ya mabwawa.
- Klorini ya chenga ya asilimia 65 hadi 70, yaani kalsiamu hipokloraiti.
- Stabilaiza, ambayo jina lake la kitaalamu ni asidi ya sianuriki.
- Kloridi ya kalsiamu, kama kipimo kitaonyesha unaihitaji.
- Mizani ya jikoni, jagi lenye alama za mililita, na ndoo mbili za plastiki zilizoandikwa kwa rangi: moja ya asidi, moja ya klorini. Zisibadilishane kamwe.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, brashi ya mpini mrefu na wavu wa kuokotea majani.

Magadi ya sokoni yasiingie kwenye orodha yako. Ni chumvi ya asili yenye mchanganyiko wa kaboneti, bikaboneti na uchafu mwingine, kwa hiyo huwezi kujua gramu mia zitapandisha nini na kwa kiasi gani. Kuna mzee mmoja aliyatumia miezi kadhaa akiamini anaokoa pesa, na pH yake ilikuwa haishikiki.

## Kabla hujafungua kopo lolote

Hapa naomba usisome kwa haraka.

Asidi na klorini zikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Klorini ya chenga na vidonge vya trikloro vikichanganyika vinaweza kuwaka moto au kulipuka, hata kama ulichofanya ni kutumia kijiko kimoja kwa makopo mawili. Vyote viwili vinaitwa klorini, lakini ni kemikali tofauti.

Siku zote dawa huingia kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya dawa. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo uweke dawa juu yake taratibu.

Hifadhi makopo mahali pakavu, penye hewa na kivuli, mbali na mtungi wa gesi, jenereta na mafuta. Asidi ikae peke yake, chini, wala si kwenye rafu iliyo juu ya klorini, maana chupa ikivuja utakuwa umeunda gesi ukiwa umelala. Stoo ya bati inayopigwa jua la mchana wa Dar haifai.

Dawa ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Ukinusa gesi, ondoka ukielekea upande upepo unakotoka, na uwatoe wengine. Usirudi kuokoa kopo.

## Hatua ya 1: Jua bwawa lina lita ngapi

Zidisha urefu kwa upana kwa wastani wa kina, vyote kwa mita, kisha zidisha kwa 1,000. Bwawa letu la mfano lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 4. Kina kinaanza mita 1.2 na kuishia mita 1.8, hivyo wastani ni mita 1.5. Mita 8 kwa 4 kwa 1.5 ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000.

Bwawa la duara: nusu ya kipenyo mara nusu ya kipenyo mara 3.14 mara kina, kisha mara 1,000.

Iandike namba hiyo kwa rangi isiyofutika kwenye ukuta wa chumba cha pampu. Mafundi hubadilika na vijana wa kazi huhama, namba ibaki pale pale.

## Hatua ya 2: Ondoa uchafu, washa pampu

Okota majani, safisha kikapu cha skima (tundu la ukutani linalovuta maji ya juu), piga brashi kuta na ngazi, vuta uchafu wa chini. Jani la mwembe linalooza chini linakula klorini uliyoinunua kwa pesa. Angalia na kunguru: wana tabia ya kulowesha mabaki ya nyama na mifupa majini, na kipande kimoja kilichonasa nyuma ya ngazi kinatosha kukusumbua wiki nzima.

Tazama geji ya filta ya mchanga. Ikiwa imepanda kama psi (kipimo cha msukumo wa maji) 8 hadi 10 juu ya pale inaposimama filta ikiwa safi, ioshe kwa kurudisha maji kinyume mpaka kioo cha kutazamia kionyeshe maji meupe. Zima pampu kila unapogeuza mkono wa vali, la sivyo utaharibu mpira wa ndani.

Kisha acha pampu izunguke. Pampu inayosukuma mita za ujazo 8 kwa saa inahitaji saa 6 kupitisha maji yote ya bwawa letu mara moja. Dawa yoyote ukiweka pampu ikiwa imezimwa itatua mahali pamoja, na utakachopima si bwawa lote.

## Hatua ya 3: Pima, na ujue unapima nini

Chota maji kwa kina cha kiwiko, mbali na tundu linalorudisha maji. Chupa ya kipimo isuuze kwanza kwa maji hayo hayo ya bwawa. Pimia kivulini.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Vile vipimo vya bei nafuu vyenye chupa mbili, moja inageuka njano na nyingine nyekundu, ile ya njano inapima klorini yote kwa pamoja: iliyo hai na iliyokwisha kufanya kazi ikashikana na jasho na mkojo. Njano inaweza kukolea vizuri kabisa huku klorini hai ikiwa karibu na sifuri. Mwenye bwawa anaona rangi, anaridhika, na mwani unaendelea kuota. Kipimo cha DPD, kinachogeuka waridi, kinakutenganishia: kwanza unapata klorini huru, yaani ile iliyo hai, kisha ukiongeza dawa ya pili unapata jumla. Tofauti yake ndiyo klorini iliyochoka, na haitakiwi kuzidi 0.5.

DPD nayo ina mtego wake. Klorini ikiwa nyingi mno, inaibabua rangi ya waridi na maji yanabaki meupe kama hakuna kitu. Ukiona waridi linatokea kwa kufumba na kufumbua kisha linapotea, usiongeze klorini. Chukua kipimo kimoja cha maji ya bwawa, changanya na vinne vya maji ya kunywa ya chupa, pima upya, kisha zidisha jibu kwa 5. Klorini ikiwa juu sana hata kipimo cha pH hudanganya, rangi yake inaelekea zambarau.

Unyevu wa Dar unaua vijiti vya kupimia. Funga kopo mara tu unapotoa kimoja, na usichovye vidole vilivyolowa. Matone nayo yasikae kwenye gari wala dirishani.

Namba unazozitafuta, zote kwa miligramu kwa lita isipokuwa pH:

- Ualkali: 80 hadi 120
- pH: 7.2 hadi 7.6
- Ugumu wa maji: 200 hadi 400
- Stabilaiza: 30 hadi 50
- Klorini huru: 2 hadi 4

Vifaa vingine huandika ppm badala ya miligramu kwa lita. Kwenye bwawa ni kitu kimoja.

Andika namba zote kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa. Kichwa hakikumbuki namba tano za wiki tatu.

## Hatua ya 4: Ualkali kwanza

Ualkali ni akiba ya maji ya kuhimili asidi. Ukiwa chini, pH inayumba kama boti isiyo na nanga: unaipandisha asubuhi, jioni imeshuka. Ukiwa juu mno, pH inang'ang'ania kupanda na asidi yako haiishi kuhitajika. Ndiyo maana haina maana kuhangaika na pH kabla ya huu.

Kuupandisha. Gramu 800 za bikaboneti zinapandisha ualkali kwa 10 katika lita 48,000. Tuseme umepima 50 na unataka 90: unahitaji kilo 3.2. Zigawe mara mbili. Weka kilo 1.6 leo jioni, ukizitawanya juu ya maji pampu ikizunguka, pima kesho, kisha malizia.

Kuushusha. Lita moja ya asidi ya asilimia 33 inashusha ualkali kwa takriban 10, na pH inashuka nayo. Usimwage lita tatu kwa mkupuo. Weka nusu lita, pima baada ya saa sita, endelea kesho. pH ikishuka chini ya 7.2, simama, elekeza tundu la kurudisha maji juu yavuruge uso wa bwawa au washa chemchemi. Hewa inaondoa gesi ya kaboni majini na pH inapanda yenyewe bila kuurudisha ualkali. Ni kazi ya siku kadhaa, na haina njia ya mkato.

Utajua umefaulu ukipima siku mbili mfululizo na kupata namba ile ile, au ikitofautiana isizidi 10.

## Hatua ya 5: pH

Klorini ikiingia majini inagawanyika sehemu mbili, na moja tu ndiyo inayoua vijidudu kwa kasi. pH ikiwa 7.5, karibu nusu yake iko kwenye hali hiyo kali. pH ikifika 8.0, ni karibu robo tu. Yule mama wa kopo zima tulipopima tulikuta pH imevuka 8. Klorini aliinunua nzima, ikamfanyia kazi robo.

Bwawa jipya la saruji hupandisha pH kwa miezi mingi, kwa sababu plasta inaendelea kutoa chokaa. Kama lako lina chini ya mwaka, jizoeze kupima pH kila baada ya siku mbili.

Kuishusha. Kwa bwawa la mfano lenye ualkali wa 100, nusu lita ya asidi inatosha kutoa pH kwenye 7.8 na kuifikisha karibu na 7.4 au 7.5. Vaa glavu na miwani. Jaza ndoo ya asidi maji hadi nusu, mimina asidi ndani ya maji hayo, kisha zungusha upande wa kina kirefu ukimwaga kidogo kidogo, upepo ukiwa mgongoni. Pima baada ya saa nne hadi sita. Asidi ya betri usiiguse, hiyo ni kemikali nyingine na ni ya kazi nyingine.

Kuipandisha. Ikiwa pH iko chini na ualkali pia uko chini, bikaboneti ya hatua ya 4 kwa kawaida inaivuta kidogo. Ikibaki chini, iongezee hewa kama nilivyoeleza.

pH ya chini ina dalili za kuonekana: macho kuwasha, grauti kati ya vigae kuwa laini na kumong'onyoka ukipitisha kidole, chuma cha ngazi kuota kutu. Ya juu huleta maji yenye ukungu na magamba meupe kwenye mstari wa maji.

## Hatua ya 6: Ugumu wa maji

Ugumu ni kalsiamu iliyomo majini. Maji yenye kalsiamu kidogo huitafuta kokote iliko, na kwenye bwawa la saruji iko ukutani. Yanaila plasta. Maji yenye kalsiamu nyingi huiacha kama magamba kwenye vigae na mabomba.

Ikiwa chini ya 200, gramu 700 za kloridi ya kalsiamu ya chenga zinapandisha kwa 10. Iyeyushe ndani ya ndoo ya maji kwanza, na uwe mwangalifu, ndoo itapata moto kweli kweli mkononi. Ikiwa juu ya 400, dawa ya kuishusha ni kupunguza maji na kuongeza yaliyo laini zaidi. Kumbuka klorini ya chenga inaongeza kalsiamu kila unapoitumia, kwa hiyo kama ugumu uko juu tayari, usihangaike kuununulia chochote.

Bwawa la fiba halina plasta ya kuliwa. Wenye nalo wapite.

## Hatua ya 7: Stabilaiza, kinga ya jua

Jua la Dar halina msimu wa kupumzika. Klorini isiyo na stabilaiza ikipigwa na jua la mchana, nusu yake inaweza kupotea ndani ya saa moja. Unaweka asubuhi, watoto wanarudi shule wanaogelea kwenye maji matupu. Stabilaiza inaishika klorini na kuiachia polepole.

Kwa bwawa letu, kutoka sifuri hadi 30 unahitaji gramu 1,440. Tia ndani ya soksi safi, ifunge, uining'inize mbele ya tundu linalorudisha maji, uiminye minye kila ukipita. Inayeyuka taratibu mno, kwa hiyo usioshe filta wala usipime upya kwa muda wa wiki moja.

Kipimo chake ni cha ajabu kidogo. Unachanganya maji ya bwawa na dawa, yanageuka kama maziwa. Unayamimina polepole kwenye kibomba chenye doa jeusi chini, ukitazama kwa juu. Pale doa linapopotea machoni, ndiyo namba yako. Fanya nje, mchana, jua likiwa nyuma yako, na kibomba kikiwa usawa wa kiuno.

Sasa nizungumzie vidonge vya trikloro, maana vimewaumiza watu wengi na hakuna aliyewaambia. Kidonge cha gramu 200 kina klorini, ndiyo, lakini zaidi ya nusu ya uzito wake inabaki majini kama stabilaiza. Kwenye lita 48,000, kila kidonge kinaongeza takriban 2.3. Ukitumia vitatu kwa wiki, ni karibu 7 kwa wiki. Ndani ya miezi mitatu umevuka 80. Jua haliiondoi, na maji yakikauka yenyewe inabaki. Inatoka kwa kuosha filta na maji yanayorushwa nje tu.

Ikifika 100, klorini inashikwa kiasi kwamba 2 au 3 haifanyi kitu tena, ungehitaji zaidi ya 7 kila siku. Mtu anapima, anaona klorini ipo, pH iko sawa, na bado ukuta una utelezi. Anadhani dawa ni feki. Dawa si feki.

Tiba ni kutoa maji. Ukitoa nusu na kujaza upya, stabilaiza inashuka nusu. Lakini usikaushe bwawa lote, na usitoe maji mengi wakati wa masika. Maeneo ya karibu na bahari maji ya ardhini yako juu, na bwawa tupu linaweza kusukumwa kutoka chini likapasuka au kuinuka, hasa la fiba. Toa theluthi, jaza, rudia wiki inayofuata.

Vidonge hivyo usiviache kwenye kikapu cha skima. Umeme ukikatika pampu inasimama, kidonge kinaendelea kuyeyuka palepale, na maji ya pale yanageuka asidi kali. Pampu ikirudi inayavuta yote kwenye vyuma vyako. Tumia kikombe kinachoelea.

## Hatua ya 8: Klorini, sasa

Ualkali upo, pH ipo, stabilaiza ipo. Sasa gramu 75 za klorini ya chenga zitapandisha klorini huru kwa 1 katika lita 48,000. Kutoka sifuri hadi 3 ni gramu 225.

Weka baada ya magharibi, saa 1 usiku hivi, jua lisiwe na nafasi ya kuila. Jaza ndoo ya klorini maji, weka chenga juu yake, koroga kwa fimbo ya plastiki, acha chokaa itue dakika chache, kisha mwaga yale maji ya juu ukizunguka bwawa. Chenga zikitua sakafuni bila kuyeyuka zinaacha madoa meupe kwenye vigae vya rangi, na kwenye bwawa la turubai hazisafishiki.

Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kinataka klorini huru isipungue 1, na isipungue 2 panapotumika stabilaiza. Mimi mabwawa ninayoyahudumia nayaweka kwenye 3, kwa sababu Jumamosi moja ya watoto kumi inameza mbili kabla ya saa kumi jioni.

Harufu kali ya klorini haimaanishi klorini ni nyingi. Mara nyingi ni ile iliyochoka inanuka, na ndiyo inayowasha macho. Ikizidi 0.5, zidisha namba hiyo kwa 10 na uweke dozi ya kufikia hapo kwa usiku mmoja. Iliyochoka ikiwa 0.8, pandisha klorini hadi 8. Watu wasiingie mpaka ishuke hadi 4.

Kipimo cha mwisho cha kufaulu ni hiki: pima klorini huru saa 2 usiku, pima tena saa 12 asubuhi kabla jua halijapanda. Usiku hakuna jua la kuila. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya 1, kuna kitu hai majini, hata kama maji yanaonekana maangavu.

## Maji yakiwa ya kijani

Fanya hatua zote hapo juu, lakini shusha pH hadi 7.2 kwanza. Piga brashi kila pembe, hasa nyuma ya ngazi na ndani ya skima, kwa sababu mwani hujifunika kwa ute na klorini haipenyi. Pandisha klorini hadi 10, ambayo ni kama gramu 750, na uishikilie hapo: pima kila baada ya saa chache, rudisha kilichopungua. Dozi moja ya usiku mmoja haitoshi. Pampu isizimwe usiku wala mchana, na filta ioshwe kila geji ikipanda.

Kijani kitageuka kijivu, kama maji ya kuoshea mchele. Hiyo ni habari njema, mwani umekufa na filta inauokota. Endelea mpaka uweze kuhesabu matundu ya mfuniko wa chini ukiwa umesimama ukingoni. Kabla ya hapo mtu yeyote asiingie: mtoto akizama kwenye maji yenye ukungu hamtamwona.

Shabu ya dukani inasaidia kutuliza uchafu, ila kwa pH iliyokwisha kurekebishwa tu, na inashusha pH na ualkali. Ukiitumia, zima pampu usiku, asubuhi vuta tope la chini ukilitoa nje moja kwa moja. Likipitishwa kwenye filta linaziba mchanga.

## Maji ya kisima na boza

Maji ya bomba ya jiji yanayotoka Mto Ruvu yanatabirika. Ya visima, hasa ukanda wa pwani, yanaweza kuwa na chumvi, ugumu na chuma. Niliwahi kuitwa Kigamboni kwenye bwawa lililojazwa kwa kisima mchana kutwa, maji yakiwa kioo. Kijana akatia klorini jioni, na ndani ya dakika chache maji yote yakawa rangi ya chai kavu. Kilikuwa chuma kilichoyeyuka, klorini ikakigeuza kutu. Vigae vyeupe vilibaki na madoa.

Jaribio lake linakugharimu dakika kumi. Kabla ya kujaza, chota ndoo nyeupe ya maji hayo, tia chembe za klorini, koroga. Yakibaki meupe, jaza. Yakigeuka kahawia, ama tafuta maji mengine, ama nunua dawa ya kushika madini na uiweke kabla ya klorini. Maji ya boza yafanyie hivyo hivyo, maana hujui yametoka kisima kipi.

## Masika, na ajali za watoto

Watu huilaumu mvua kwa kuyeyusha dawa. Mvua ya milimita 50 juu ya bwawa letu inaongeza lita 1,600 tu, asilimia 3 hivi. Kinachoharibu ni maji yanayotiririka kutoka bustanini na udongo, mbolea na majani. Chimba mfereji au inua ukingo. Baada ya mvua kubwa, pima klorini usiku ule ule, na ualkali kesho yake.

Mtoto akijisaidia majini na choo ni kigumu: toa watu wote, kiondoe kwa wavu, hakikisha klorini huru ni 2 au zaidi na pH haizidi 7.5, subiri dakika 25. Ikiwa ni kuhara, ni jambo jingine kabisa. Kimelea cha Cryptosporidium kinaweza kuishi siku kadhaa kwenye klorini ya kawaida. CDC inaelekeza klorini 20 kwa saa 12 na dakika 45, pH isizidi 7.5, kwenye maji yasiyo na stabilaiza. Yenye stabilaiza yanahitaji muda mrefu zaidi, na ikizidi 15 ni lazima uipunguze kwanza kwa kutoa maji. Kwa lita 48,000, klorini 20 ni karibu kilo moja na nusu ya chenga. Wavu uliotumika uzamishe humo humo.

## Ratiba ya kila wiki

Klorini na pH pima kila siku mbili, na kila siku wageni wakiwepo. Ualkali mara moja kwa wiki. Stabilaiza na ugumu mara moja kwa mwezi, isipokuwa unatumia vidonge, basi stabilaiza kila wiki mbili. Ukisafiri, mwachie kijana wa nyumbani daftari, kipimo na gramu zilizokwisha kupimwa kwenye vikopo vikavu vyenye vifuniko, kimoja kwa kila jioni, na umwonyeshe mwenyewe mara mbili jinsi ya kujaza ndoo maji kwanza.